Godoro la Kwenda Kuona Tembo

Kiangazi kile mjomba wangu alirudi kutoka Kasindi, mpakani mwa Kongo na Uganda, na magunia ya chumvi, katoni za sabuni na habari moja. Mjomba, mdogo wake mama, aliendesha lori la mfanyabiashara mmoja wa Butembo, mji wetu, na wakati wa vita madereva ndio waliokuwa redio yetu. Walijua barabara ipi imefungwa, kizuizi kipi kimehamishwa, na askari gani wamebadilisha bwana. Tulimsogezea bugali na makayabo, samaki wa chumvi, tukangoja amalize, maana mama alikataza mtu kuulizwa habari mbaya akiwa anakula. Alipokwisha kunawa akasema kwamba karibu na Ishango, pale mto Semliki unapotoka ziwani, alizima injini akangoja kundi la tembo livuke barabara.

"Bengi?" nikauliza.

"Bengi! Nilivuta sigara mpaka ikaisha, beko napita tu."

"Na banatoka wapi?" Huyo alikuwa mama. Alikuwa anachambua maharagi kwenye ungo na hakuinua uso.

"Ngambo ya Uganda. Kila kiangazi banakuyaka kula majani mubichi kando ya mto. Mvua ikianza, banarudia kwabo."

"Na laissez-passer?" nikasema, karatasi ile tuliyodaiwa sisi kwenye kila kizuizi. Tukacheka, isipokuwa mama.

"Nani anabafukuza?"

Mjomba akamtazama dada yake. "Hakuna mutu anabafukuza, yaya. Ni majani tu."

"Donc banahama bila mutu kubafukuza?"

"Njo vile."

Mama akaweka ungo chini. "Miye nataka kuona ile," akasema.

Nilidhani ni utani, ila mama hakuwa mtu wa utani. Alikuwa mjane, muuzaji wa maharagi na vitunguu kutoka Masereka alikozaliwa, mtu wa misa ya asubuhi, na sikuwahi kumsikia akitaka kitu ambacho hakiliwi wala hakivaliwi. Na kutembea alikuwa ametembea. Vita ya kwanza ilipopita Masereka alitushusha hadi Butembo na godoro kichwani. Kutoka Butembo tukakimbilia shambani, tukarudi. Tukakimbilia Beni, kwa mama mdogo katika mtaa wa Beu, tukarudi tena. Alikuwa amevuka milima mingi kuliko mwanamke yeyote niliyemjua, na hata mlima mmoja hakuuchagua mwenyewe. Mjomba alipojaribu kumwambia kwamba safari ya kwenda kutazama wanyama ni mambo ya Wazungu wa zamani, mama alimkata kauli.

"Nikifa leo, Mungu ataniuliza: weye ulitembeaka wapi? Nitamujibu nini? Nilikimbiaka tu."

Mjomba akasema lori litarudi Kasindi wiki ijayo, na kama barabara itakuwa nzuri atatupakia.

Mimi nilikuwa na miaka ishirini, mwalimu wa shule ya msingi iliyofungwa kwa likizo, na mama aliniita kiguu na njia. Ni kweli sikuweza kukaa. Mtu ambaye hajaishi vitani hudhani vita ni risasi. Kwetu vita ilikuwa kusikiliza. Gari likipiga breki, mji mzima unanyamaza kidogo. Mwenye duka akishusha mlango wake wa bati mapema, wa jirani naye anashusha, na mtu aliyekwenda kununua sukari anarudi mbio bila kujua anakimbia nini. Nilikuwa nimechoka kukaa na roho juu huku miguu imekaa chini. Mama alitaka kwenda Ishango aone viumbe wanaohama kwa hiari yao. Mimi ningekwenda popote, hata kuona mawe.

Basi tukaanza kupanga, na kupanga kwenyewe kulikuwa vita nyingine. Tungelala Beu kwa mama mdogo, asubuhi tushuke na mjomba hadi Kasindi na Ishango, tutazame, turudi. Mvua ya kwanza ilikuwa ndiyo mwisho wetu, maana tembo wangeondoka nayo, kwa hiyo kila wingu lililotokea upande wa Ruwenzori nililitukana. Mama alitaka kwenda na kuku wawili, unga, mkaa na sufuria. Nikamuuliza kama tunakwenda kuona tembo au kuwapikia. Akatoa kwenye sanduku kitenge chake cha Pasaka, kile cha rangi ya machungwa.

"Utaonyesha tembo kitenge?" nikamwambia.

"Basinione kama mukimbizi."

Alikuwa na maswali mpaka yakanichosha. Je, tembo hulala mchana? Je, mtoto wao akichoka wanamngoja? Nani anatangulia, dume au jike? Nilimwambia niliyosoma shuleni, kwamba jike mzee ndiye anayeongoza, na mama akaitikia kwa kichwa taratibu kama mtu aliyesikia jina la kijiji chake. Mara nyingine alisimama sokoni katikati ya kupima maharagi akacheka peke yake. Wanawake wenzake waliulizana kama mjane huyu amepata mchumba.

Nije kwenye godoro. Nyumba ya mama mdogo kule Beu ilikuwa na vitanda vichache na watu wengi, na bodi la lori la mjomba lilikuwa chuma tupu. Mama akaamua tuchukue godoro letu: mchana tulikalie garini, usiku tulilalie. Ilikuwa akili nzuri kabisa. Siku ya kuondoka, asubuhi, akalitoa uani, akalipiga vumbi, akalikunja na kulifunga kwa kamba ya mkonge. Kuku walikuwa wamefungwa miguu kando yake. Lori la mjomba lilikuwa limesimama mbele ya nyumba, pua yake ikielekea barabara ya Beni.

Jirani yetu akatokeza kichwa juu ya ua. Tulimwita mama mapasa, kwa Kilingala mama wa mapacha, maana alikuwa nao wawili. Mume wake alikuwa mtu wa serikali, aliyeletwa kutoka mkoa wa mbali kabla ya vita na kusahaulika hapa pamoja na mshahara wake. Mama mapasa hakuwa na ndugu hata mmoja mjini, hakuelewa Kinande, lugha ya wenyeji, na alikuwa amejiwekea sheria moja ya kuishi kwetu: usisikilize redio, tazama wenyeji. Wenyeji wana madereva. Mwenyeji akifunga godoro, usiulize, funga lako.

Hata hivyo siku hiyo aliuliza. "Mama, muko naenda wapi?"

Hapo ndipo mama alipoharibu kila kitu, na hadi leo sijui kama mimi ningejibu vingine. Aliona haya. Mjini watu walikuwa wanazika, na yeye mjane, na kitenge cha Pasaka, anakwenda kutazama tembo. Akainamisha uso.

"Tunaenda tu kutembea kidogo kule Beni," akasema.

Sasa mtu wa Butembo wa miaka ile atajua mara moja kosa liko wapi. "Kutembea kidogo" ndilo jibu la kila mtu anayekimbia. Hakuna mtu aliyewahi kusema "nakimbia," kwa sababu anayesema hivyo anajiitia wezi nyumbani na askari njiani. Unafunga godoro, unabeba mtoto na sufuria, na akikuuliza mtu unatabasamu: tunatembea kidogo. Mama mapasa akamwita Mungu, "Nzambe!" na kichwa chake kikatoweka.

Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na sisi wote tulikuwa tumekwisha kutafunwa. Dakika chache baadaye nikasikia godoro la mama mapasa likigonga mlango wake likitoka. Kisha mlango wa bati wa duka la kona ukashuka. Kisha wa pili, kisha mingi pamoja. Mimi mwenyewe, na hapa mnicheke, nilikimbilia ndani nikamwambia mama tuharakishe, vita imefika.

Mama akatazama barabarani. Mtaa mzima ulikuwa unatoka. Baiskeli zilizobeba magunia, mbuzi, mzee amebebwa kwenye kiti chake, watoto wameshikana nguo. Wote walielekea upande ambao pua ya lori letu ilielekea. Mjomba alikuwa anamshika huyu na kumwuliza yule: wamefika wapi, ni akina nani? Kila mtu alikuwa amesikia kwa mwingine. Ndipo akapita mwanamke wa nyumba ya pili, aliyetoka kujifungua juzi tu. Alikuwa anatembea amejishika tumbo, mtoto amefungwa kifuani, uso umekuwa wa majivu.

"Mwanangu, unaenda wapi na hali hiyo?" mama akamwita.

"Tunafuata weye, mama. Si weye njo ulifunga matela?"

Nilimwona mama akielewa kwamba ni godoro letu lililotoa mtaa mzima. Kisha akalinyakua lile godoro, akaliburuta hadi katikati ya barabara, akakata kamba kwa kisu cha jikoni, akalitandaza kwenye vumbi na kulala juu yake chali, na kitenge chake cha Pasaka, mchana kweupe.

"Batu bote muangalie!" akapiga kelele. "Niko nalala! Hakuna vita! Nilitaka kwenda kuona tembo!"

Watu wakasimama. Mwanamume mmoja mwenye baiskeli akauliza kwa heshima kabisa, "Mama, hao tembo, beko upande wa nani?"

"Upande wa majani!" mama akajibu. "Tembo! Nyama ya pori!"

"Anaenda kununua nyama," mtu akamweleza mwenzake, maana kwetu nyama ni mnyama na pia ni kitoweo.

Tulikaa pale barabarani karibu saa nzima, mama amelala, mimi na mjomba tukieleza hadi koo likakauka. Wengine walicheka mpaka wakakaa chini. Wengine walimtukana, na walikuwa na haki. Mzazi yule tulimlaza kwenye godoro lenyewe, mama akamchinjia kuku mmoja wa safari hapo hapo na kumpikia mchuzi. Kuku wa pili alikuwa amekata kamba na kwenda zake, naye sijui alikimbia nini. Mjomba aliondoka kwenda Kasindi peke yake.

Jioni akaja shefu wa avenyu, mzee mpole aliyekuwa msimamizi wa mtaa, akavua kofia. Nilitegemea faini. Badala yake akaketi na kumwomba mama kama mtu anayeomba maji.

"Mama, tunakuomba, hapana kusafiri. Leo umesema tembo. Ukifunga bintu tena, batu watasema lisemwalo lipo. Ukitoka, hawatalala."

Mama akakubali. Hakujua amekubali nini. Tangu siku ile nyumba yetu ikawa kipimo cha mtaa. Waliokwenda sokoni asubuhi walipitia kwetu, wakasalimu huku macho yakizunguka uani kutafuta kamba. Mama mapasa alimtuma pacha mmoja kuomba chumvi, na baada ya chakula alimtuma wa pili kuirudisha. Mama akitoa godoro juani, vichwa vinachomoza juu ya ua kama panya wa shambani. Mama mdogo alijifungua kule Beu na mama hakwenda kumwona mtoto. Mvua ikaja, mjomba akaleta habari kwamba tembo wameondoka, na mama akasema "haya" akaendelea na maharagi. Nilimchukia shefu, nilimchukia mama mapasa, nilichukia kila aliyetuambia "mungali hapa? Asante Mungu." Nilikuwa nazunguka uani kama mbuzi aliyefungwa, na kila nikizunguka, mtu alinitazama kuona kama nazunguka kwa sababu.

Kiangazi kilichofuata mjomba alisema tembo wamekuja tena. Mama aliendelea kupima maharagi yake. Siku chache baadaye, kabla ya misa ya asubuhi, mama akanishika mkono mlangoni. Alikuwa na kitenge cha kawaida cha shambani na rozari, basi.

"Ndugu yangu ananingojea nyuma ya kanisa," akaninong'oneza. "Mutu mumoja anaweza kwenda, kama mwingine anabakia. Weye utaanika matela. Utaikala hapa mbele batu bakuone."

"Mimi?" nikasema. "Mama, mimi ndiye nisiyeweza kukaa!"

"Najua," akasema, akaondoka bila hata kikapu.

Nikakaa. Nilitandaza godoro juani, bapa, bila kamba, nikaweka kiti changu kando yake, na ungo wa maharagi mapajani. Waliopita walisalimu, wakaona godoro, wakaona mtu, wakaendelea. Nilisema mama ana malaria, amelala. Nyayo ziliniwasha. Nilichambua maharagi yaleyale hadi yakang'aa. Kesho yake mama mapasa akaja na sufuria ya mchuzi wa mgonjwa na, kabla sijasimama, akaingia hadi chumbani. Nikamsikia akiweka sufuria chini. Nilijua sasa atapiga yowe na mtaa wote utakuwa barabarani.

Akatoka polepole. "Ameenda kwa ba-tembo yake?"

"Ndiyo, mama."

Akavuta kigoda, akaketi upande wa pili wa godoro na kuchukua nusu ya maharagi yangu. "Bien. Miye pia nitaikala," akasema. "Tukikala bawili, hawatauliza." Na kila aliyepita alimwambia kwa sauti kwamba mgonjwa amekunywa mchuzi, anaendelea vizuri. Nilikuwa nimemchukia mwaka mzima yule mwanamke, na siku ile nilimpenda.

Mama akarudi siku ya tatu, kwa miguu, kutoka upande wa kanisa. Alipoona sisi wawili tumekaa alisimama kidogo. Kisha mama mapasa akashindwa kujizuia, akapiga vigelegele, na siri ikaisha. Majirani wakajaa uani. Shefu wa avenyu akaanza kukasirika, akasahau, akaomba kiti. Na mama akawasimulia. Tembo wanatembea polepole, akasema, hawana haraka yoyote. Watoto wako katikati. Mdogo akichoka, wote wanasimama. Jike mzee anatangulia, hageuki nyuma, anajua wanamfuata. Nilikuwa sijawahi kumsikia mama akisimulia hivyo. Mama mapasa alitembea uani akipunga mkono mmoja mbele ya uso kama mkonga, mapacha wake nyuma yake, na watu wakacheka mpaka machozi. Kwa muda mfupi hakuna mtu uani mle aliyekuwa anasikiliza barabara.

Walipoondoka nikamwambia mama kwamba kiangazi kijacho ni zamu yangu. Yeye atakaa na godoro, mimi nitakwenda.

"Weye hapana kwenda," akasema.

Damu ilinipanda. Nikamwambia nimekaa siku zote zile kama jiwe la jikoni kwa ajili yake, na sasa ameona peke yake ananifungia mlango, na hiyo ni roho mbaya. Niliyasema yote. Mama akaningoja nimalize. Alikuwa anafua kile kitenge cha shambani, na maji ya beseni yalikuwa mekundu kwa vumbi.

"Balikuwa nakimbia," akasema.

"Akina nani?"

"Tembo. Bunduki ilikuwa nalia kule chini, karibu na ziwa. Batu ya meno na nyama. Benyewe banapanda mbio, batoto katikati, banarudia Uganda, na mvua haijanyesha." Akakamua kitenge, akakitumbukiza tena. "Kulikuwa moja, jike. Iligeuka. Ilirudia kule bunduki iko nalia, ikasimama, ikaya tena kwa benzake, ikageuka tena. Kuna kitu iliacha."

"Wewe ukafanya nini?"

"Nilisimama juu ya kamiyo nikamupigia kelele. Genda! Genda, mama, hapana kurudi nyuma!" Genda ni nenda, kwa Kinande, na kamiyo ni lori. "Ndugu yangu ananivuta, anasema baaskari batatusikia. Sikunyamaza."

"Ikaenda?"

"Sijue. Kamiyo iliondoka."

Ng'ambo ya ua mapacha walikuwa bado wanacheza, mmoja akimwambia mwenzake asikimbie, tembo hakimbii. Mama akasikiliza, mikono imekaa tu ndani ya maji. Kisha akaniomba nisiwaambie majirani, na sikuwaambia.